Fundi, Mwanafunzi na Sahihi: Historia ya Banda la Tingatinga

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili sentensi hii waitafsiri: "Mjomba amerudi kutoka Dar es Salaam na tingatinga." Wengi waliandika kwamba mjomba amerudi na trekta. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, amelipandisha vipi kwenye basi?" Darasa likacheka. Wachache waliokuwa wamefika Tanzania ndio waliojua kwamba mjomba alikuwa amebeba picha, tena huenda aliikunja akaitia mkobani.

Wote walikuwa sahihi. Neno hili kwa watu wengi ni mtambo wa kusukuma udongo au trekta, na huko Kenya marehemu Raila Odinga aliitwa "Tinga" kwa sababu alama ya chama chake cha zamani, NDP, ilikuwa trekta. Lakini kwa upande wa sanaa, neno hilo limetokana na jina la mtu. Makala haya yanakusudia kumweleza mtu huyo kwa kifupi, na kwa urefu kidogo nyumba waliyoijenga wenzake baada yake. Nyumba hiyo imetuachia swali ambalo sisi walimu tunakutana nalo kila tunaposahihisha insha: kuiga ni nini, na ni lini huwa kosa?

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi nyingi: za nyumbani na bustani kwa Wazungu, za kuuza matunda na mboga, na baadaye katika hospitali ya Muhimbili. Alikuwa pia mtu wa ngoma na muziki. Uchoraji aliuanza akiwa mtu mzima, yapata mwaka 1968, bila kupita katika shule yoyote ya sanaa. Wapo wanaosimulia kwamba alivutiwa na picha zilizokuwa zikiuzwa mjini na wachoraji kutoka Kongo, akaona naye anaweza.

Vifaa vyake vilikuwa vya dukani, vya fundi ujenzi na fundi baiskeli. Ubao ulikuwa ule mwembamba wa kupigia dari, uliokatwa mraba, kila upande kama sentimita 60. Rangi ilikuwa ya mafuta, ile inayong'aa, ya kupaka milango na baiskeli. Alichora mnyama mmoja, au ndege juu ya tawi, mbele ya rangi moja iliyotulia. Si zaidi ya hapo. Picha hizo ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa uliokaliwa na wageni wengi na watumishi wa ngazi za juu, na mkewe Agatha alisaidia kuziuza. Kampuni ya taifa ya sanaa iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa ikaanza kuzinunua pia, na kwa mara ya kwanza mtu huyu akawa na soko la kutegemewa.

Soko likimzidi fundi mmoja, fundi huita ndugu. Ndivyo ilivyokuwa. Tingatinga aliwaita vijana wa ukoo wake na wa nyumbani kwao: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata. Walikaa naye, wakatazama, wakachora. Lakini mafunzo hayo hayakudumu. Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi mjini Dar es Salaam, waliodhani kuwa ni mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Mambo mengi yangeweza kuishia hapo. Aliyefariki ndiye aliyekuwa na jina, na jina ndilo lililouza. Vijana walikuwa na mikono tu. Baadhi walitawanyika. Mpata alikwenda Nairobi, akafariki mwaka 1984, na picha zake zikapata wapenzi wengi Japani, hata hoteli moja ya kitalii katika Masai Mara ikaitwa kwa jina lake. Waliobaki Oysterbay waliendelea kuchora kwenye kivuli, mahali pale pale walipomzoea mwalimu wao. Mwaka 1977 waliunda ubia wao, na mwaka 1990 wakaufanya chama cha ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society. Shirika la Uswisi la Helvetas liliwasaidia kujiimarisha. Hivyo banda la watu waliokuwa wakiuza barabarani likawa karakana na duka la picha chini ya paa moja, likimilikiwa na wachoraji wenyewe.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa, maana namna kazi inavyofanyika katika banda hilo ndiyo kiini cha habari. Fundi huketi chini au kwenye kiti kifupi, ubao au kitambaa mapajani, makopo ya rangi pembeni. (Kitambaa kiliingia baadaye, kwa sababu ya mizigo ya watalii: ubao haukunjiki.) Anayejifunza haanzi na chui. Huanza kwa kupaka rangi ya nyuma, ile ambayo mnyama atasimama mbele yake, na rangi hiyo ikishakauka ndipo mwenye uzoefu hutia umbo. Mwanafunzi hujaza madoa, manyoya, majani. Siku moja huachiwa ndege. Baadaye huchora picha nzima, na picha hiyo ni ile ile aliyoiona ikichorwa na mkubwa wake mara mia. Umbo likipendwa na wanunuzi, jirani yake hulichora pia, na wa tatu hulichora na kuongeza twiga. Kila mchoraji hulipwa picha yake inapouzwa, na sehemu ya fedha hubaki katika chama.

Kwa desturi ya ufundi hakuna la ajabu. Seremala hufundisha hivyo, mshona kofia hufundisha hivyo, na mtunga utenzi wa zamani hakuona haya kuanza kwa dua na sifa zile zile walizoanza nazo waliomtangulia. Hata neno letu "mwanafunzi" linaonyesha uhusiano huo: ni mwana wa mafunzo, mtoto katika nyumba ya ujuzi. Mtoto humfanana mzazi wake, na hakuna amwitaye mwizi wa sura.

Hata hivyo, palikuwapo wakati ule ule nyumba nyingine ya wasanii katika eneo letu iliyoamini kinyume kabisa, na mizizi yake iko hapa Kampala. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya mlima Kilimanjaro, alisomea sanaa Makerere katika miaka ya 1950, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Ni yeye aliyechora kuta za kanisa kuu la Mtakatifu James huko Murang'a, akimwonyesha Kristo kama Mwafrika katika mandhari ya milima ya Kenya, jambo lililohitaji moyo katika miaka ile. Mwaka 1965 yeye na wenzake kadhaa walifungua Nairobi jumba la sanaa lililoitwa Paa ya Paa, nalo likawa mahali pa kuchora, kuonyesha kazi, kusoma mashairi na kubishana. Mafundisho ya Njau kuhusu kuiga yanajulikana sana: msanii asinakili, kwa kuwa kunakili ni sawa na kumlaza Mungu usingizi. Yaani kila mtu ameumbiwa kitu chake, na akichora cha mwenzake, muumba hana la kufanya.

Jina hilo, kwa njia, lingefaa kipindi kizima cha sarufi. Wenyewe hulifafanua kwamba paa, yule mnyama, anapaa juu. Kwa Kiswahili sanifu tungetarajia "paa anapaa", kwa sababu mnyama huchukua upatanisho wa viumbe hai. Tukiandika "ya paa" kama neno moja tunapata "yapaa", wakati wa -a-, kwa upatanisho wa ngeli ya tisa bila kujali uhai, kama wasemavyo wengi wa bara. Anayedhani ni paa la nyumba atakwama, maana hilo hutaka "la". Nimewahi kumwona mwalimu mwenzangu akilisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sioni haja. Jina likishabatizwa halina kosa.

Tukizilinganisha nyumba hizi mbili, ni rahisi mtu aliyesoma chuo kikuu kuegemea Paa ya Paa. Mimi mwenyewe niliegemea huko miaka mingi. Niliziona picha za Oysterbay kama vitenge vya watalii: simba, tembo, Kilimanjaro, tena simba. Kilichonifanya nibadili mawazo kidogo (sikusema kabisa) ni kuweka kazi za miaka tofauti kando kwa kando. Chui wa Tingatinga mwenyewe amesimama peke yake, mzito, macho yakikutazama. Katika kazi za waliofuata wanyama wanaongezeka, shingo zinapindana, rangi ya nyuma inageuka kutoka moja kuwa mbili zinazofifia kuelekeana, mashetani yanaingia, na hatimaye watu: soko, hospitali, harusi, daladala iliyojaa kupita kiasi. Hakuna aliyekaa akatangaza mapinduzi. Kila mmoja aliongeza kidogo juu ya alichonakili, na kidogo hicho kikanakiliwa na mwingine. Lugha hubadilika hivyo hivyo.

Tabu ilikuja na jina. Bei ya kazi za marehemu ilipopanda nje ya nchi, zilitokea sokoni picha zenye sahihi yake ambazo mkono wake haukuzigusa. Huku si kuiga tena. Kijana anayechora tausi kwa mtindo wa mwalimu na kutia jina lake mwenyewe pembeni amesema ukweli, na anayetia jina la marehemu amedanganya, hata kama tausi ni yule yule. Wenye banda walilijua hilo mapema, na ndiyo maana wakubwa wao wanajulikana kila mmoja kwa jina lake.

Lakini jina la mtindo je, ni la nani? La wanawe, la ushirika, la Tanzania, au la yeyote mwenye brashi? Leo picha za mtindo huo huchorwa na kuuzwa Unguja, Arusha, Mombasa, Nairobi, na hata katika maduka ya vinyago hapa mjini kwetu, na wachoraji wengi hawakuwahi kukanyaga Oysterbay. Mwaka 2010 BBC ilianza kuonyesha katuni za watoto ziitwazo Tinga Tinga Tales, zenye hadithi za Kiafrika za kwa nini tembo ana mkonga mrefu na mengineyo, na zilizotengenezwa Nairobi. Jina na sura ya banda la Dar es Salaam viliingia katika sebule za dunia nzima. Watoto wengi waliozitazama hawakujua kwamba Tingatinga alikuwa mtu.

Tanzania ilikuwa imetunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999. Sheria ya namna hiyo humlinda mwenye kazi: picha hii, ya fulani, isinakiliwe bila ruhusa. Mtindo haulindi. Tena hutaka kumjua mtunzi mmoja, au watunzi wanaotajika. Sasa chukua picha ambayo rangi yake ya nyuma ilipakwa na mwanafunzi, umbo lake lilibuniwa na mtu aliyefariki zamani, likaongezewa mkia na wa pili na miti na wa tatu, kisha ikatiwa sahihi na wa nne. Mwanasheria atakuna kichwa. Fundi wa Oysterbay hatakuna, kwani anajua vizuri nani alifanya nini, ila ujuzi huo haukuandikwa popote.

Paa ya Paa ilipatwa na msiba wa aina nyingine. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi na kumbukumbu zilizokuwa katika jumba hilo, wakati huo likiwa limehamia nje kidogo ya jiji. Hapo nyumba ya wasioiga ilionyesha udhaifu wake: kilichokuwa kimoja tu duniani kikiungua kimekwisha. Picha ya Tingatinga ikiungua, kuna mtu mahali fulani anayeweza kukaa chini na kuichora tena kesho, madoa kwa madoa. Itakuwa ile au itakuwa nyingine? Niliwauliza wanafunzi swali hili, wakagawanyika nusu kwa nusu, na mabishano yakaendelea hadi kwenye foleni ya chakula.

Nikawapa kazi ya nyumbani: waandike aya moja kueleza tofauti kati ya kuiga, kunakili, kufuata na kughushi, kila neno na mfano wake. Insha zilipokuja, mbili zilifanana neno kwa neno. Niliwaita wenyewe. Mmoja akasema, bila kucheka, "Mwalimu, mimi nilipaka rangi ya nyuma, mwenzangu akatia chui." Niliwaambia waende wakaandike upya, na safari hii kila mmoja atie sahihi pembeni.