Likizo ya Uzazi: Haki ya Familia, Wajibu wa Jamii Nzima

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanaitambua familia kuwa chembe hai ya kwanza ya jamii. Katika Waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba ujira wa haki sharti uitoshe familia, na kwamba jamii inapaswa kumwezesha mama kuwalea watoto wake pasipo kubaguliwa kwa sababu hiyo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Akirejea kazini, anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku kwa ajili ya kunyonyesha. Baba anapewa siku 3 zenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Hizo ni chache mno: mama aliyejifungua kwa upasuaji huenda bado yumo wodini zinapokwisha. Sheria ya Kenya inampa baba wiki 2.

Ni nani basi abebe gharama? Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka kipimo cha wiki 14, na unataka malipo yatoke katika bima ya jamii au fedha za umma, yasimwelemee mwajiri peke yake. Sababu yake ni ya busara: mwajiri anayebeba mzigo wote hushawishika kutowaajiri mabinti. Kwa hiyo, msaada wa serikali unalinda mtoto na vilevile ajira ya mama yake.

Lakini mama mkulima au muuza mboga gengeni hana mwajiri wa kumpa likizo. Huyo tusimsahau katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo: chakula, kuni na maji kwa wiki chache ni likizo yake.

Nasi tunaosimamia shule, zahanati na ofisi za Kanisa tu waajiri pia. Haki tunayoidai kwa serikali, na ianze kuonekana kwetu.