Samaki Aliyesafiri katika Barafu

Ifikapo mwezi wa Juni hapa kwetu Matogoro mvua zimekwisha kukatika, baridi ya kipupwe yashuka mlimani, na watoto huja shuleni asubuhi wamekunja mikono kwapani. Ndiyo majira ambayo vijito vyetu hupungua na kung'aa. Tope la masika limekwisha kutulia, na mtu akisimama juu ya jiwe aweza kuhesabu kokoto zilizo chini ya maji. Katika milima hii ndimo uzaliwamo mto Ruvuma, uendao mashariki hata Bahari ya Hindi, na kwa sehemu kubwa ya safari yake ndio mpaka wetu na Msumbiji. Mto Luegu nao watoka huku huku, lakini waelekea kaskazini hata maji yake yaingie Rufiji. Matone mawili ya mvua yakianguka juu ya mlima mmoja, moja laweza kwenda Mtwara na la pili likatokea kule Mafia.

Kipupwe kilichopita mgeni mmoja, mtu mwema na mpenda uvuvi, alipita shuleni kwetu. Akakitazama kijito kilicho chini ya mashamba, akasema, "Maji mazuri haya, lakini ni matupu. Yafaa yatiwe trauti." Alipokwisha kwenda zake wanafunzi wakanigeukia. "Mwalimu, trauti ni nini? Na mbona asema mto wetu ni mtupu?" Swali la kwanza nililijibu siku ile ile. La pili lilinichukua siku nyingi, likaniingiza katika habari za zamani, na kwa sababu hiyo nimeshika kalamu.

Trauti ni samaki wa jamaa moja na salmoni. Aina moja, mwenye rangi ya kahawia na madoadoa, kwao ni Ulaya. Aina ya pili, aitwaye trauti wa upinde wa mvua kwa ajili ya utepe mwekundu ulio ubavuni mwake, kwao ni nchi za kaskazini zinazozunguka Bahari ya Pasifiki. Katika Afrika yote iliyo kusini ya jangwa la Sahara hakuwapo hata mmoja. Ataka maji ya baridi, yaendayo mbio na yenye hewa nyingi. Yakizidi joto la digrii 20 hutaabika, na yakizidi 25 wengi hufa. Chakula chake ni wadudu wa majini na wale waangukao juu ya maji.

Kwa ajili ya chakula hicho watu walizua namna ya uvuvi iliyo ya ajabu kidogo. Mvuvi hufunga manyoya ya ndege kwa uzi juu ya ndoana ndogo hata ifanane na mdudu. Humwita "nzi", ijapokuwa si nzi wa jikoni. Kwa kuwa nzi huyo hana uzito, mshipi wenyewe ndio uliofanywa mzito, na mvuvi huurusha nyuma na mbele kwa ufito mrefu, kama mchunga ng'ombe na mjeledi wake, hata nzi atue juu ya maji taratibu. Ustadi huu si wa jana. Aelianus, mwandishi wa Roma aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo juu ya ndoana. Na huko Uingereza kitabu kilichofundisha kufunga nzi wa namna hii kilikwisha kupigwa chapa mwaka 1496.

Wavuvi wenyewe husema kwamba kazi ngumu kupita zote ni kumvua trauti katika maji machache na maangavu ya majira ya baridi. Mto uliojaa tope humficha mtu. Mto kama wetu wa mwezi wa Julai haumfichi. Samaki hukaa ameelekeza kichwa juu mtoni, akingoja chakula kiletwe na mkondo, kwa hiyo mvuvi sharti aje kutoka chini, nyuma yake. Hupiga magoti. Hutazama jua liko wapi, kivuli chake kisitangulie. Hutumia mshipi mwembamba kama unywele na nzi aliye mdogo kuliko punje ya mtama, na akikosea mara moja, samaki wote wa bwawa lile dogo wamekwisha kukimbilia chini ya mawe. Kijana mmoja wa darasani aliposikia hayo akacheka, akasema, "Mwalimu, hivyo ndivyo babu anavyomnyemelea kanga." Nikamwambia kwamba babu yake angefaa sana kwa kazi hiyo.

Sasa samaki huyu alifikaje Afrika? Hakuweza kuja akiwa mzima, maana katika bahari ya joto maji ya pipa yangemwua kwa siku chache. Alikuja akiwa yai. Yai la trauti katika maji ya digrii 10 huanguliwa kwa muda wa siku 40 na kitu. Katika maji ya digrii 5 huchukua karibu mara mbili ya siku hizo. Basi ukilitia yai katika baridi kali kuliko hiyo, huwa kama limelala, wala halifi. Watu waliijua siri hiyo wakaifanyia kazi kwa miaka mingi, wakishindwa na kuanza tena, hata mwaka 1864 merikebu iitwayo Norfolk ikatoka Uingereza mwezi wa Januari, ikafika Australia mwezi wa Aprili, na ndani yake mlikuwa na chumba cha barafu. Mayai yalikuwa katika visanduku vya mbao, yamelazwa juu ya yale majani mafupi na laini yaotayo juu ya mawe yenye unyevu. Yalipelekwa hata mto Plenty katika kisiwa cha Tasmania. Yalikuwamo mayai ya salmoni zaidi ya laki moja, na ya trauti elfu chache tu, kama nyongeza. Wale salmoni walipokua wakaenda baharini wasirudi tena. Wale wa nyongeza ndio waliokaa wakazaa. Toka hapo trauti akapelekwa New Zealand, na katika miaka ya 1890 akakaa katika mito ya Afrika Kusini.

Afrika ya Mashariki alifika mwaka 1905. Aliyemleta ni Mwingereza Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka kusini ya Afrika hata Misri. Mayai yalitoka ziwa Loch Leven katika Uskoti, yakatiwa katika mto Gura, utokao milima ya Nyandarua, ambayo wakati ule iliitwa Aberdare. Reli ya Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Kisumu tangu 1901, lakini Gura haukuwa na reli wala barabara ya gari. Mizigo ya siku zile ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Nimejaribu kuwaza mpagazi akipanda mlima na barafu ya Ulaya ikimdondoka shingoni, naye ameambiwa asijikwae wala asipumzike juani, maana ndani yake mna uhai. Mwaka 1910 akaja na yule wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini.

Nikisoma habari za Grogan nakuta mambo mawili ambayo sijui niyaweke vipi pamoja. Mtu huyu alijua kulitunza yai lililo dogo kuliko punje ya dengu, asiliache lipate joto. Na mtu huyo huyo, mwezi wa Machi 1907, yeye na wenzake waliwachapa viboko Wakikuyu watatu wavuta rikisho, hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, hata akahukumiwa kifungo.

Mwaka ule wa 1905 kwetu wajulikana kwa habari nyingine. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai huko Umatumbi, na kabla mwaka haujaisha vilikuwa vimefika Ungoni. Watu walipewa maji yenye dawa, wakaambiwa kwamba risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Mwezi wa Februari 1906 wakubwa wengi wa Wangoni walinyongwa hapa Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu una jina lake, alinyongwa naye. Kisha chakula kikachomwa mashambani na ghalani, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Siungi habari ya Gura na hii kama sababu na tokeo, maana hazikuhusiana. Lakini mwaka ni mmoja, na katika zote mbili yamo maji ya Afrika na mtu aliyetumaini kwamba yatafanya neno jipya.

Baadaye, katika utawala wa Waingereza, trauti alitiwa pia katika mito ya Tanganyika, kama vile vijito vya Kilimanjaro na mto Kiwira katika nyanda za juu za Mbeya. Katika Kenya zikawekwa sheria: leseni ya kulipia, kipimo cha samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa, na katika mito mingi hapana chambo ila nzi. Sheria zenyewe zilikuwa na akili ndani yake, kwa maana samaki asiye na ulinzi huisha. Bali mama aliyezoea kushuka mtoni na kikapu chake aliamka siku moja akaambiwa kwamba mto una mwenyewe.

Neno lililowaongoza wapanzi wale wote ni lile la mgeni wetu: maji ni matupu. Je, yalikuwa matupu? Katika milima ya Drakensberg mliishi samaki mdogo ambaye wenye elimu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1938, kutoka mto mmoja wa Natal. Trauti walikuwa wamekwisha kutiwa katika mito ya nchi ile. Baada ya muda yule mdogo hakuonekana tena Natal, wakadhani amekwisha kabisa, hata mwaka 1970 alipopatikana upande wa pili wa milima, katika Lesotho. Mpaka leo anakaa hasa katika sehemu za juu za vijito, mahali ambapo maporomoko yamemzuia trauti asipande.

Na kwetu kusini tunaye mbasa wa Ziwa Nyasa. Ni samaki mrefu, mwenye rangi ya fedha, mwenye mbio, na Wazungu walipomwona walimwita salmoni wa ziwa, ijapokuwa hana ujamaa wowote na salmoni. Masika yakijaza mto Ruhuhu, mbasa huacha ziwa akapanda mtoni kutaga mayai katika changarawe, sawasawa na afanyavyo salmoni wa Uskoti. Hakuna merikebu iliyompeleka popote katika barafu. Nyavu zitegwazo midomoni mwa mito, na tope litokalo katika mashamba yaliyolimwa hata ukingoni, vimempunguza sana.

Sitaki wasomaji wadhani kwamba sisi tu watunzaji wema na wageni ndio waharibifu. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nilifuatana na wakubwa waliotwanga majani ya utupa wakayatia mtoni wakati wa kipupwe, maji yakiwa machache kama sasa. Samaki huelea juu, wakubwa kwa wadogo, maana dawa ile huwazuia wasiweze kuitumia hewa iliyo majini. Tuliokota waliotutosha, waliobaki wakaoza. Sheria yakataza sumu mitoni, na yafanya vyema. Lakini mambo ya dunia yana mizunguko: mwezi wa Februari 2012, katika mto Rondegat huko Afrika Kusini, wataalamu waliitia kwa hesabu dawa iitwayo rotenoni, ambayo hutoka katika mizizi ya mimea iliyo jamaa ya utupa wetu, ili wawaondoe samaki wa kigeni waitwao basi, walioletwa zamani kutoka Amerika kwa ajili ya mchezo wa ndoana. Wenyeji wadogo wa mto ule wakarudi.

Jumamosi moja mwezi wa Julai niliwachukua wanafunzi kumi na mmoja tukashuka kijitoni kulijibu lile swali la pili. Tuliwaambia wasiseme kwa sauti. Tulikuja kutoka chini, tukiwa tumeinama, vivuli vikiwa nyuma yetu. Mwanzo hatukuona kitu, na mmoja akanong'ona kwamba mgeni alisema kweli. Tukangoja. Ndipo kivuli chembamba kikajitenga na kokoto, kisha cha pili, kisha kundi zima la samaki wasiozidi urefu wa kidole, wote wameelekeza vichwa juu mtoni. Tulipogeuza mawe tukawaona kaa, na kambare mdogo asiye na magamba aliyejibandika juu ya jiwe kama ulimi. Msichana mmoja alimchukua ndani ya kikombe cha bati, akauliza jina lake. Wanafunzi wakataja majina matatu, kila mmoja kwa lugha ya kwao, wakabishana. Nikawaambia wayaandike yote matatu. Kisha tukalirudisha jiwe kama lilivyokuwa, na kambare chini yake.