Bei ya kijana wa Lugazi

Wadau, besiboli huku Katumba Songwe tunaionaga kwenye muvi tu. Ila jirani zetu Waganda wako mbali. Mwaka 2011 watoto wao walifuzu mashindano ya dunia ya watoto kule Marekani, wakanyimwa viza. 2012 wale wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika. 2022 Dodgers wakasaini vijana wawili wa Uganda.

Sasa hela. Tangu 2017 kila timu ina kikomo cha kusaini vijana wa nje, kilichoanza na kama dola milioni 5 hivi kwa mwaka, na nyingi huishia Jamhuri ya Dominika na Venezuela. Kama kakao yetu mbichi, bei anapanga mnunuzi.

Hata Ohtani wa Japani kilimbana: milioni 2.3 tu. Ila yeye alishakuwa staa kwao, angeweza kusubiri. Wa Lugazi asubirie wapi?