Msumeno wa Mnyororo: Ulikotoka, na Namna ya Kuutengeneza Ulionunuliwa Mkononi

 

Hivi karibuni mkulima mmoja alifika chuoni kwetu amebeba msumeno wa mnyororo begani, ule ambao wengi wetu tunauita cheni soo. Aliununua mkononi kwa mtu baada ya kuuza mbuzi wanne. Akaniambia, "Bwana shamba, unanguruma vizuri, lakini haukati. Unatoa vumbi na moshi tu." Tulipoufungua tukakuta meno yamekuwa butu, tundu la oili limeziba, na breki ya mnyororo imeng'olewa. Aliyemuuzia alimwambia breki hiyo ni pambo tu.

Sasa ndugu, kifaa hiki hakikuzaliwa siku moja. Kila kipande chake kiliwekwa kwa sababu watu walipata taabu kabla hakijawekwa. Ukiijua historia yake, hutakubali kuambiwa kwamba kipande fulani ni pambo.

Wazee wetu wanaukumbuka msumeno wa watu wawili. Gogo liliwekwa juu ya shimo, mmoja akasimama juu na mwingine chini, vumbi la mbao likimwingia machoni. Huko Ulaya na Amerika nako wakata miti walivuta msumeno wa mkono kutwa nzima. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa umeme. Ulikuwa na uzito wa kilo 64 hivi, karibu sawa na mtu mzima, na ulihitaji watu wawili kuushika. Mwaka uliofuata, 1927, Mjerumani mwingine, Emil Lerp, aliujaribu wa petroli katika mlima wa Dolmar, huko Thuringia. Sasa mashine iliweza kwenda msituni kusikofika umeme, lakini bado ilikuwa mzigo wa watu wawili.

Kazi ya kuipunguza uzito iliendelea. Mwaka 1950 kampuni ya Stihl ilitoa msumeno wa petroli wa mtu mmoja, wenye kilo 16. Kabureta nayo ilibadilika. Ile ya zamani ilitaka injini ikae wima, ukiilaza inazimika. Ikaja kabureta yenye utando mwembamba unaovuta petroli hata msumeno ukilazwa ubavu. Basi ukinunua msumeno uliokaa stoo miaka mingi, fahamu kwamba utando huo huwa umekakamaa. Ndiyo maana unawaka kisha unazimika. Mwambie fundi abadilishe utando, mpira wa petroli na chujio lake kabla hujailaumu injini.

Tuje kwenye meno. Minyororo ya kwanza ilikuwa na meno kama ya msumeno wa mkono. Yalikwaruza mti, na kuyanoa kulikula muda mwingi. Mwaka 1946, katika jimbo la Oregon, Marekani, mkata miti Joseph Cox aliona buu la mdudu likila kisiki. Akaona taya zake mbili zilizopinda zinakata kushoto na kulia, na linapita kwenye mti mgumu bila shida. Akatengeneza mnyororo wa kufuata mfano huo, na mwaka 1947 akaanza kuuza. Minyororo tunayotumia leo ni ya ukoo huo: jino moja linakata kushoto, linalofuata linakata kulia.

Kwa hiyo ukinoa, usinoe upande mmoja tu, msumeno utakwenda kombo. Tumia tupa ya mviringo yenye unene unaolingana na mnyororo wako. Sukuma tupa kwenda mbele tu, usiirudishe ikiwa imegusa jino. Mara nyingi pembe yake ni nyuzi 30, lakini fuata alama iliyo juu ya jino. Hesabu mipigo, na kila jino lipate sawa. Ukiona msumeno unatoa vumbi laini badala ya vipande vya mbao, meno yamekwisha makali. Usiukandamize kwa nguvu. Zima, unoe.

Mnyororo unataka oili yake wakati wote, mbali na oili inayochanganywa na petroli. Jaribu hivi: washa msumeno, elekeza ncha yake kwenye kisiki cheupe bila kukigusa, kisha ongeza moto. Ukiona mstari wa oili, ni salama. Usipouona, zibua tundu na mfereji wa ule upanga wa chuma unaoongoza mnyororo. Upanga wenyewe ugeuze juu chini kila mara ili usilike upande mmoja. Na ukibadilisha mnyororo, tazama pia gurudumu la meno linaloukokota. Likiwa limelika, litaumaliza upesi mnyororo mpya.

Kuhusu petroli, misumeno mingi ya siku hizi hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Ile ya zamani sana mingi ilitaka oili mara mbili ya hiyo. Fuata kitabu chake. Petroli tupu huiua injini.

Nimebakiza mambo mawili ambayo ni ya mwili wako. Wakata miti wa miaka ya 1950 na 1960 walianza kuona vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe kwa sababu ya mtetemo. Katikati ya miaka ya 1960 ndipo vishikio vikaanza kuwekewa mipira ya kuupunguza. Mipira hiyo ikikatika, badilisha. Usifunge kwa waya.

La pili ni breki. Ncha ya upanga ikigusa mti kwa upande wa juu, msumeno huruka ghafla kumrudia mtu, usoni au shingoni. Watu wengi waliumia hivyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wakaanza kuweka breki inayosimamisha mnyororo mara moja. Ijaribu kabla ya kazi: mnyororo ukizunguka, sukuma kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto, bila kuachia mpini. Usiposimama papo hapo, usikate hata kijiti. Na msumeno ambao tangu mwanzo haukuundwa na breki, usiununue, hata ukiuzwa bei ya kuku.

Yule mkulima wetu tulimsaidia kuzibua oili na kumfundisha kunoa. Msumeno ukakata. Lakini tulimkatalia kwenda nao kwenye miti yake mpaka apate vipuri vya breki. Alinuna. Baada ya wiki tatu akarudi na vipuri, fundi akavifunga, tukaujaribu mbele yake mara tano. Ndipo akaondoka, akiwa na buti ngumu miguuni, miwani machoni, na kibali cha afisa misitu mfukoni.

Nawe fanya hivyo, ndugu mkulima. Mbuzi wanne watazaliwa wengine. Mpaka kipindi kijacho, nakutakia kazi njema.