Mwalimu Ambaye Basi Letu Lilimpita

Basi letu liliingia Berlin saa kumi jioni, likitokea Prague. Kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Tanga, mtu mzima, aliyelipiwa safari na wanawe. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kukaa, lakini macho yote yako dirishani. Mbele, mwongozaji wetu hakuachia kipaza sauti: ukuta uliougawa mji tangu 1961 hadi 1989, jumba hili, sanamu ile. Tulipofika Unter den Linden akatuonyesha Chuo Kikuu cha Humboldt. Hegel alifundisha hapa, akasema. Basi likasonga.

Hegel huyohuyo aliwafundisha wanafunzi wake kwamba Afrika haina historia. Nikashindwa kunyamaza.

"Mama, hapo hata mtu wa kwetu alifundisha."

"Nani huyo, mwanangu?"

Nikamweleza. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikuja Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyokuwa chini ya chuo hicho. Humo walisoma maofisa waliojiandaa kwenda kututawala. Inauma ukiifikiria: lugha yetu ilikuwa sehemu ya vifaa vya safari yao. Lakini ni Mtoro huyo aliyeandika sehemu kubwa ya *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotoka 1903 na mpaka leo watafiti hawakiachi. Mtoto anavyozaliwa, harusi, ngoma, uganga, mazishi. Yote yamo, kwa Kiswahili cha mtu aliyeyaishi. Jalada lilibeba jina la mhariri, Carl Velten.

"Kisha akarudi kwao?"

Hapo ndipo pagumu. Mtoro alioa Mjerumani, Bertha. Mwaka 1905 wakapanda meli pamoja kwenda Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ikawakatalia: mwanamume Mweusi na mke Mzungu, ndani ya koloni, ingekuwa mfano mbaya machoni pa watawala. Wakarudishwa Ujerumani. Ni mwaka uleule Vita vya Maji Maji vilipoanza kule kusini. Mtoro alifariki hapahapa Berlin mwaka 1927.

Mimi nilihangaikia viza ya Ulaya kwa wiki kadhaa: barua ya mwajiri, taarifa za benki, alama za vidole. Nililalamika kwa kila aliyenisikiliza. Lakini mimi nilikuwa naomba kuingia kwa watu. Mtoro alikuwa anaomba kuingia kwao, na Mjerumani ndiye aliyekuwa mlangoni.

Sisemi mwongozaji alikuwa na nia mbaya. Mji mkubwa hauelezeki kwa saa moja, na kila mwongozaji ana orodha yake. Ila orodha hiyo huandikwa na mtu, na sisi tuliosoma kidogo tuna kosa letu pia: tunamjua Hegel, mwalimu wetu hatumjui. Mimi mwenyewe nilimaliza chuo kikuu bila kulisikia jina la Mtoro darasani.

Basi likasimama karibu na Lango la Brandenburg. Nusu saa ya picha, tukatangaziwa. Wenzetu wakashuka mbiombio, simu mkononi. Yule mama akabaki ameketi. Akainua viganja, akasoma Fatiha kimyakimya, akajipangusa uso.

"Haya," akasema, "nishike mkono tushuke."