Wiki moja pwani: Msafiri ajipange vipi kutoka Bagamoyo hadi Tanga?

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam na miji ya bara wanapopata likizo ya siku saba, jambo la kwanza kulifikiria huwa ni hoteli. Huulizia bei ya chumba, hutuma malipo ya awali, kisha hufunga mizigo. Wafikapo ufukweni hukuta maji yamerudi nyuma mita mia kadhaa, mbele yao pakiwa na tope, majani ya bahari na miamba. Watoto waliojiandaa kuogelea huishia kutazama kaa.

Wenyeji wa mwambao hawashangazwi na hali hiyo. Kwao safari hupangwa kwa kuutazama mwezi kwanza, kisha upepo na mvua, na malazi hufuata mwishoni. Anayeupindua mpangilio huo hupoteza siku na fedha, na anapopanda chombo cha majini huweza kuhatarisha maisha ya familia yake.

Njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga ni mfano mzuri wa likizo ya wiki moja. Ina fukwe, vijiji vya wavuvi, hifadhi ya wanyama na magofu ya karne nyingi, na haimlazimu msafiri kupanda ndege.

Mwezi na maji

Maji ya bahari katika pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa na kupwa hupita takriban saa sita, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kama dakika 50.

Siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni siku za bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo chake yaweza kuzidi mita tatu. Baina ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua.

Katika pwani ya Tanzania, wakati wa bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 jioni. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, maji yakajaa asubuhi na kupwa jioni. Kwa hiyo, anayetaka kuogelea asubuhi na watoto achague maji mafu. Anayetaka kutembea juu ya miamba, kuwaona wanawake wakivua pweza, au kufika katika fungu la mchanga la Maziwe, achague bamvua.

Kwa safari inayoelezwa hapa, ni vema kuondoka siku tatu kabla ya mwezi mpevu. Siku ya tano, ambayo ndiyo ya Maziwe, itaangukia katika bamvua.

Msimu wa kusafiri

Masika ya Machi hadi Mei ndicho kipindi kigumu kuliko vyote. Udongo mweusi wa Saadani hunasa magari, na baadhi ya nyumba za wageni hufungwa. Kuanzia Juni hadi Septemba huvuma kusi. Hewa huwa ya baridi kiasi na mvua ni chache, ingawa bahari yaweza kuchafuka. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, joto likiwa kali na maji mara nyingi yakiwa maangavu zaidi. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, lakini kwa kawaida si mvua za kufunga njia kama masika.

Mwezi wa Ramadhani nao ufikiriwe. Vijiji vingi vya njia hii vina Waislamu wengi, hivyo migahawa mingi hufungwa mchana. Si sababu ya kuahirisha safari, bali msafiri abebe chakula chake na asile hadharani.

Siku ya kwanza na ya pili: Bagamoyo na Kaole

Bagamoyo upo umbali wa kilometa zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Ujiji na Tabora, ikileta pembe za ndovu na watumwa. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891.

Siku ya kwanza yatosha kwa Mji Mkongwe na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipopumzishwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia.

Siku ya pili iwe ya Kaole, kilometa chache kusini mwa mji. Hapo pana mabaki ya msikiti wa karne ya 13 pamoja na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Ni vizuri kwenda asubuhi kabla ya jua kali na kuchukua mwongozaji wa hapo, kwa kuwa magofu bila maelezo huwachosha watoto upesi. Jioni, maji yakiwa yamejaa, familia irejee ufukweni.

Siku ya tatu: Saadani

Saadani ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ni hifadhi ya taifa ambako savana yenye tembo, twiga, nyati na simba inafika hadi ufukwe wa bahari, na katika Mto Wami wapo viboko na mamba. Kwa sababu hiyo, hakuna kuogelea mtoni wala karibu na mlango wake.

Kijiji cha Saadani ni kikongwe kuliko hifadhi. Kilikuwa bandari iliyoshindana na Bagamoyo, na hapo Bwana Heri aliongoza mapambano dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888. Msafiri anayekwenda kutazama wanyama tu na kukiruka kijiji hukosa nusu ya habari.

Njia ya kutoka Bagamoyo hupitia Makurunge. Ipo pia njia ya zamani ya Chalinze, Mandera na Miono. Kwa kuwa barabara ya pwani imekuwa ikijengwa kwa awamu, msafiri apige simu kwenye nyumba aliyoweka nafasi siku moja kabla na kuulizia hali ya njia. Ada za hifadhi hazilipwi kwa fedha taslimu. Zinalipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali. Raia asisahau kitambulisho, kwa kuwa bila hicho huenda akadaiwa kiwango cha wageni, ambacho ni kikubwa zaidi.

Siku ya nne na ya tano: Ushongo na Maziwe

Baada ya Mkwaja na Kipumbwi hufuata Ushongo, kijiji cha wavuvi chenye ufukwe mrefu wa mchanga na minazi. Kipo upande wa kusini wa Mto Pangani. Siku ya nne iwe ya mapumziko. Asubuhi maji yakipwa, wageni waweza kutembea na mwenyeji miambani. Jioni yakijaa, waogelee.

Siku ya tano ni ya Maziwe, na hapo ndipo safari nzima hupata uzito. Maziwe palikuwa kisiwa chenye miti, ikiwamo mivinje, na palihesabiwa kuwa miongoni mwa mazalia makubwa ya kasa katika pwani ya Afrika Mashariki. Eneo hilo lilitangazwa kuwa tengefu mwaka 1975. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imetoweka, jambo linalohusishwa na ukataji pamoja na mmomonyoko. Leo lililobaki ni fungu la mchanga mweupe linalofunikwa na maji yakijaa.

Kasa, hata hivyo, hawakukiacha kisiwa chao. Wameendelea kupanda mchangani na kutaga, ingawa mayai yakiachwa hapo huzama na kuoza. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi wahifadhi na wanakijiji wamekuwa wakiyahamishia ufukweni Ushongo, ambako huanguliwa baada ya takriban siku 60. Mgeni atakayebahatika kuona vifaranga wakielekea baharini asiwashike, asiwamulike kwa tochi wala kwa mwanga wa kamera, kwa kuwa mwanga huwapoteza njia.

Boti hukodiwa nzima, si kwa kichwa. Familia mbili au tatu zikiungana, gharama hupungua sana. Safari ianze asubuhi mapema ili kufika maji yakiwa yanapwa na kuondoka kabla fungu halijamezwa. Hakuna kivuli wala maji ya kunywa, hivyo kofia, nguo ya mikono mirefu na maji ya kutosha ni lazima.

Siku ya sita: Pangani na Tongoni

Pangani ni mji wa kihistoria uliopo kwenye mlango wa mto. Kwa miaka mingi kivuko ndicho kilichowaunganisha wakazi wa mji na wenzao wa Bweni, ng'ambo ya kusini. Humo ndimo Abushiri bin Salim al-Harthi alipoanzisha upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na humo ndimo aliponyongwa Desemba 15, 1889. Karibu na hapo, Kikogwe, mkonge ulipandwa mwaka 1893 na kuwa chanzo cha mashamba yaliyoipa Tanga jina duniani.

Kutoka Pangani hadi Tanga ni kilometa zipatazo 50. Njiani lipo gofu la Tongoni, lenye msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40. Ni jirani na maeneo hayo ambapo Vasco da Gama, akirejea kutoka India mwaka 1499, aliichoma moto meli yake ya São Rafael kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Kusini mwa Tanga pia kipo kijiji cha Vibambani, Machui, alikozaliwa mshairi Shaaban Robert mwaka 1909.

Siku ya saba: Tanga na Amboni

Mapango ya Amboni, yaliyochongwa na maji katika miamba ya chokaa, yapo kilometa zipatazo nane kaskazini mwa jiji. Viatu visivyoteleza vinahitajika. Bahari ya Tanga nayo ni makazi ya silikanti, samaki aliyewahi kudhaniwa kuwa alitoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2009.

Kurudi Dar es Salaam kwa barabara ya Segera na Chalinze ni kilometa zipatazo 350. Anayekwepa msongamano wa Chalinze aweza kukatia Msata hadi Bagamoyo. Ni vema kuondoka kabla ya adhuhuri ili kutosafiri usiku.

Bajeti na adabu

Gharama zigawanywe katika mafungu sita: usafiri, malazi, chakula, viingilio, boti na dharura. Fungu la dharura lisipungue sehemu moja ya kumi ya fedha zote, na lisiguswe kwa ununuzi wa zawadi. Mashine za kutolea fedha ni adimu baina ya Bagamoyo na Tanga, hivyo fedha taslimu za siku tatu zibebwe, ikiwemo chenji.

Vijijini, mavazi ya kuogelea huishia ufukweni. Mgeni anayepita katikati ya nyumba ajisitiri kwa kanga au kikoi, awaamkie wazee, na apige hodi kabla ya kuingia uani. Picha za watu zipigwe kwa ridhaa. Anayetaka kupiga kambi aanze kwa mwenyekiti au ofisa mtendaji wa kijiji, si kwa kijana aliyekutana naye njiani.

Kununua magamba ya kasa, matumbawe au makome makubwa ni kuwalipa wanaoiharibu bahari. Vivyo hivyo samaki waliovuliwa kwa baruti; mlipuko mmoja huvunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kukua tena.

Usalama kwanza

Ajali ya MV Spice Islander I ya Septemba 2011, iliyoua mamia ya abiria kati ya Unguja na Pemba, ilikuwa fundisho chungu kuhusu vyombo vinavyojazwa kupita kiasi. Kanuni ni ileile kwa boti ndogo. Kila abiria awe na jaketi okozi linalomtosha, watoto wakiwemo. Idadi isizidi uwezo wa chombo. Na mtu aliyebaki pwani ajue saa ya kurejea.

Nahodha akisema leo bahari haifai, asibembelezwe kwa nyongeza ya fedha. Siku moja iliyopotea hufidiwa kwa matembezi ya kijijini, sahani ya samaki wa kupaka na mazungumzo na wazee waliokiona kisiwa cha Maziwe kikiwa bado na miti.