Mabega Yaliyobeba Safari za Uwindaji

Mwaka 1908, Theodore Roosevelt akiwa bado Ikulu ya Marekani, alianza kupanga safari ya kuwinda Afrika Mashariki mara tu atakapoondoka madarakani. Mmoja wa washauri wake wakuu alikuwa Mwingereza Frederick Selous, mwindaji aliyetumia miaka mingi katika mapori ya kusini mwa Afrika. Aprili 1909 wote wawili walishuka Mombasa kutoka meli moja.

Nairobi, kazi ya matayarisho ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Newland na Tarlton. Mahema, bunduki, mitego na chumvi tani nne ya kuhifadhia ngozi vilihitaji wapagazi zaidi ya 200. Juu yao walikuwapo wanyapara, askari, wapishi na wabeba bunduki. Kipimo cha kila kitu kilikuwa kimoja: ratili 60, yaani takriban kilo 27, mzigo wa mtu mmoja. Hata vitabu vya Roosevelt, karibu 60, vilivyojalidiwa upya kwa ngozi ya nguruwe ili jasho na damu visiviharibu, vilifungwa katika kasha la alumini lisilozidi uzito huo. Mtu mzima aliajiriwa ili bwana asome jioni.

Hesabu ngumu ilikuwa ya posho. Mpagazi alipewa kibaba cha unga kwa siku, kama ratili moja na nusu. Watu 200 walimaliza takriban kilo 136 kila siku, sawa na mizigo mitano. Akiba ya siku kumi ilitaka wapagazi 50 wa kubeba unga mtupu, na hao nao walikuwa na matumbo. Ndiyo maana mpangaji mwerevu alitaka kwanza kujua vijiji vyenye chakula cha kuuza viko wapi. Habari za tembo zilifuata baadaye.

Matajiri wengi waliishia Nairobi kwa sababu ya reli. Kusini, katika koloni la Wajerumani, kwenye nchi ya Songea, Mbinga na ufuko wa Nyasa, mambo yalikuwa mengine. Njia ya kutoka Kilwa ilikuwa ya miguu, na mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe wa mizigo. Njia nyingine ilikuwa ya maji: kuingia Chinde kwenye mdomo wa Zambezi, kupanda mto Shire, kisha kuvuka ziwa. Wajerumani walileta meli ya mvuke vipandevipande kwa njia hiyo, wakaiunganisha na kuishusha ziwani mwaka 1893. Bandari za upande wao zilikuwa Wiedhafen, ndiyo Manda ya leo, na Sphinxhafen, ndiyo Liuli.

Meli hiyo ilipewa jina la Hermann von Wissmann. Akiwa gavana wa koloni hilo, mwaka 1896, ndiye aliyetoa sheria ya uwindaji iliyodai leseni za kulipia na kutenga maeneo ya akiba. Mwenye fedha alinunua ruhusa. Mwenyeji aliyezoea kuwinda kwa nyavu, mashimo na gobore akajikuta mkosaji katika pori la babu zake. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha kuwa vikwazo hivyo vya uwindaji ni miongoni mwa manung'uniko yaliyochochea Vita vya Majimaji mwaka 1905.

Kusini ililipa gharama kubwa. Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, alinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na wazee wenzake. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikafuata, na makadirio ya waliokufa katika vita hivyo yanaanzia 75,000 hadi 300,000. Mahali palipokuwa na vijiji pakarudi kichaka, mbung'o na tembo. Sehemu ya pori ambalo wawindaji wa baadaye walilisifu kuwa halijaguswa na mtu ilikuwa mashamba ya marehemu.

Milima ya Umatengo, huko Mbinga, ina sura tofauti. Katika karne ya 19 Wamatengo walijikusanya huko wakikimbia mashambulizi ya Wangoni, wakalima miteremko kwa ngoro. Shamba la ngoro ni safu za mashimo yenye kingo za udongo uliofunika nyasi zilizofyekwa: mvua hutulia ndani yake badala ya kusomba rutuba, na maharage na mahindi huzaa mwaka hadi mwaka. Wanyama wakubwa walibaki mabondeni, kuelekea Ruvuma.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, utaratibu uleule wa mzigo, kibaba na mnyapara uligeuzwa kuwa wa jeshi, na makumi ya maelfu ya wapagazi wakafa. Selous mwenyewe, akiwa na miaka 65, alipigwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Mwaka 1922 Waingereza waliipa jina lake hifadhi kubwa ya kusini, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Uwindaji wa kitalii haujakoma. Magari yamechukua nafasi ya wapagazi, lakini leseni bado ndiyo mwanzo wa mipango. Sera ya Wanyamapori ya 1998 ilifungua mlango kwa jumuiya za hifadhi za vijiji, kama Mbarang'andu huko Namtumbo na Nalika huko Tunduru, ambako wanakijiji sasa wana haki ya kudai mgawo wa fedha anayolipa mwindaji.